FUNGUA KINYWA KABLA HUJAFUNGUA DUKA: vifungua kinywa vitano vya nyumbani, vyote chini ya shilingi 1,500

Leo sitaongelea bei za jumla wala namna ya kupata wateja. Nataka tuongelee chakula chako wewe mwenye duka, kile cha asubuhi. Najua kuna mtu atasema hii siyo mada ya biashara. Subiri nikupe hesabu kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

Mimi nina duka la rejareja hapa Morogoro, na pembeni nafanya uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Elimu yangu ni kidato cha nne. Biashara sikuisomea popote, nimejifunza kwa kupata hasara. Duka lenyewe alilianzisha Mama, mimi nimelishika alipoanza kuumwa.

Ratiba yangu ya zamani nadhani ni kama yako. Naamka saa kumi na moja alfajiri, napiga mswaki, saa kumi na mbili kasoro nimefungua. Mkate unaletwa, watoto wa shule wanataka kalamu na daftari, bodaboda wanataka vocha, akina mama wanataka sukari robo na majani ya chai. Hadi saa mbili hujakaa chini. Saa mbili na nusu namtuma kijana aniletee supu na chapati mbili. Siku nikiwa na haraka nakula maandazi na soda ya baridi kutoka kwenye friji langu mwenyewe. Na kuna siku nasahau kabisa, nakuja kukumbuka saa sita mchana.

Sasa Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, mnajua watu wanavyokuwa wengi. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, tumboni nina soda tu. Kichwa kinagonga, mikono inatetemeka kwa mbali. Akaja mteja anataka kutuma shilingi 50,000. Nikapokea hela, nikabonyeza simu, nikaongeza sifuri moja. Ikaenda 500,000. Nimekuja kushtuka baada ya dakika arobaini nilipoangalia salio. Aliyetumiwa alishatoa. Nilizungushana naye miezi mitatu, akanirudishia 200,000 kidogo kidogo. Shilingi 250,000 ikapotea hivyo hivyo. Kwa duka langu, huo ni mtaji wa sukari na mafuta ya kula wa wiki nzima.

Siwezi kuapa kwamba njaa ndiyo iliyobonyeza ile sifuri. Labda hata ningekuwa nimeshiba ningekosea. Lakini najua nilivyokuwa najisikia asubuhi ile, na najua nilikuwa najisikia vile siku nyingi tu, ila siku hiyo ndiyo ilinigharimu.

MAMA NDIYE ALIYENIBADILISHA

Mama yangu alikaa kwenye hilo duka miaka mingi. Asubuhi yake ilikuwa chai yenye sukari nyingi na chapati, mchana anakula akipata nafasi. Baadaye akaanza kukojoa sana usiku, kiu haiishi, mwili unapungua. Alipopimwa akaambiwa ana kisukari. Sisemi chapati ndiyo iliyomletea kisukari, hata daktari hakusema hivyo. Ugonjwa huo unaletwa na mambo mengi, pamoja na uzito, kurithi na kukaa bila mazoezi. Ila kliniki walimwambia wazi kwamba asubuhi asiruke mlo, apunguze sukari na vyakula vya unga mweupe, na sahani yake iwe na protini na mboga.

Basi ikabidi nyumbani tuanze kupika asubuhi. Mwanzoni nilikuwa nampikia yeye, mimi nakimbilia dukani. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, unanipikia mimi nisiumwe, halafu wewe unaenda kuutafuta ugonjwa huo huo?" Nikakaa, nikala. Toka siku hiyo sijaacha.

HESABU NILIYOKUAHIDI

Kula kwangu nje kulikuwa hivi: supu 2,000, chapati mbili 1,000, chai 500. Jumla 3,500 kwa siku. Nafungua siku 26 kwa mwezi. 3,500 mara 26 ni shilingi 91,000.

Sasa hivi nakula nyumbani kwa hela isiyozidi kama 1,200 kwa siku. Mara 26 ni 31,200. Tofauti ni shilingi 59,800 kila mwezi.

Hiyo ni trei sita za mayai. Mimi trei nanunua 9,500, nauza yai moja 400, kwa hiyo trei inanipa 12,000. Faida 2,500 kila trei. Trei sita zinanipa faida ya 15,000. Yaani hela niliyokuwa naila kwenye supu sasa inazunguka dukani na inazaa. Bei za kwako zinaweza kuwa tofauti, chukua kalamu upige zako.

KWA NINI MAANDAZI NA SODA HAVIKUFIKISHI MCHANA

Andazi, chapati na mkate mweupe vinatengenezwa kwa unga uliokobolewa. Ganda la nafaka limeondolewa, na ndilo lenye nyuzinyuzi nyingi. Ukila peke yake, mwili unaugeuza kuwa sukari haraka, unapata nguvu ya ghafla, baada ya muda mfupi njaa inarudi. Ukishushia na soda ndiyo umeongeza sukari juu ya sukari.

Chukua chupa ya soda kwenye friji lako sasa hivi usome maandishi ya nyuma. Nyingi zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inakuwa na kama gramu 35, sawa na vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ni bora isizidi kama gramu 25 kwa siku nzima kwa mtu mzima. Kwa hiyo saa mbili asubuhi umeshamaliza ya leo na umekopa ya kesho. Mimi soda bado nauza, siwezi kudanganya, ndiyo biashara. Ila siinywi asubuhi.

Mlo wa asubuhi unaokaa tumboni una vitu vitatu: wanga usiokobolewa sana (ulezi, dona, viazi, mihogo), protini (yai, maharage, karanga, maziwa), na tunda au mboga. Ukishika hayo matatu, huhitaji kukariri mapishi. Sasa twende kwenye vyakula vyenyewe.

1. UJI WA ULEZI NA KARANGA (kama shilingi 900)

Ulezi una nyuzinyuzi, madini ya chuma, na una kalsiamu nyingi kuliko mahindi au mchele. Chukua vijiko vinne vya chakula vilivyojaa unga, koroga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji, mimina huo mchanganyiko huku unakoroga. Ukishaanza kutokota, punguza moto, uache uive dakika 15. Watu wengi wanaepua mapema, ndiyo maana uji unakuwa na ladha ya unga mbichi. Mwisho weka maziwa robo lita na kijiko kimoja cha karanga zilizokaangwa na kusagwa. Sukari weka kijiko kimoja cha chai, au ponda ndizi mbivu ndani ukaachana na sukari kabisa.

Angalizo: usinunue unga wa lishe wenye kila kitu humo ndani, mara soya, mara karanga, mara dagaa. Karanga na soya zina mafuta, zikikaa kwenye unga muda mrefu zinaharibika. Nunua unga wa ulezi peke yake, karanga weka wakati wa kupika.

2. VIAZI VITAMU NA MAYAI (kama shilingi 1,150)

Sisi huku tuna bahati, viazi vya Gairo vinafika sokoni vizuri kabisa. Osha viazi viwili, chemsha na maganda yake dakika 25 hadi 30. Mayai mawili yatumbukize kwenye sufuria hiyo hiyo dakika 10 za mwisho, uwe umeyaosha. Sufuria moja, moto mmoja. Ukiwa na nyanya na kitunguu, katakata kachumbari kidogo, kamulia ndimu. Ukipata viazi vyenye rangi ya chungwa ndani ndiyo vizuri zaidi, vina vitamini A kwa wingi.

Hiki ndicho ninachokula siku za mwisho wa mwezi, siku za wateja wengi. Nikila saa kumi na mbili, hadi saa sita sijatafuta kitu.

3. MAHARAGE NA MIHOGO YA KUCHEMSHA (kama shilingi 1,000)

Maharage yanaogopwa asubuhi kwa sababu ya muda. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga yale maji, na kuyachemsha jioni moja kwa siku tatu. Kilo moja inatupa mimi na Mama milo kadhaa. Gawanya kwenye vyombo vidogo, weka kwenye friji. Asubuhi unapasha chombo kimoja tu na kitunguu na nyanya, mafuta kijiko kimoja. Mihogo menya, chemsha hadi ilainike kabisa, maji yake mwaga. Mihogo michungu usiiguse kwa kuchemsha tu, ina sumu. Nunua ile mitamu ya kutafuna, kwa mtu unayemjua.

Kula na chungwa au kamulia ndimu. Vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyoko kwenye maharage. Na chai ya rangi isubirishe kama saa moja, kwa sababu majani ya chai yanazuia hayo madini yasiingie vizuri. Hili hasa kwa akina dada na wajawazito, ambao wengi wanasumbuliwa na upungufu wa damu. Chai ya mchaichai au tangawizi bila majani ya chai ni nafuu zaidi.

4. MKATE, PARACHICHI NA YAI (kama shilingi 1,200)

Hiki ni cha siku umechelewa kuamka. Vipande vitatu vya mkate, wa ngano isiyokobolewa kama unaupata. Soma viambato kwenye mfuko, maana kuna mikate imetiwa rangi tu ya kahawia. Kama haupo, mweupe si mbaya ukiula na vitu vingine. Ponda nusu parachichi, chumvi kidogo sana, ndimu, paka. Yai moja la kuchemsha juu yake na vipande vya nyanya. Dakika 10 umemaliza. Parachichi linachukua nafasi ya siagi ya kopo.

5. KIPORO, LAKINI CHA AKILI (kama shilingi 800)

Kiporo ndiyo kifungua kinywa chetu wengi, tusidanganyane. Makande ya jana au wali na maharage ya jana ni chakula kizuri tu. Tatizo ni pale sufuria linapolala juu ya meza hadi asubuhi, halafu tunasema "nitapasha moto vizuri". Kwenye wali hasa kuna vijidudu vinavyoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo chakula kikishapoa kidogo, kabla saa mbili hazijapita, kiingie kwenye friji. Asubuhi kipashe hadi kitoke mvuke kote, siyo pembeni tu. Ongeza mchicha au kabichi ya kukaanga haraka, na ndizi moja.

Huna friji? Basi usiweke kiporo, pika cha kutosha usiku ule tu, asubuhi fuata namba 1, 2 au 4.

MUDA UNATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi tunakwama, nikiwemo mimi. Nilichofanya ni kuhamishia kazi usiku. Kabla sijalala natumia dakika 10: napima unga, naosha viazi, naloweka maharage, naweka sufuria na maji juu ya jiko. Asubuhi nawasha tu. Sijaamka mapema zaidi ya zamani hata dakika moja.

Kama unashindwa kula saa kumi na moja kwa sababu tumbo bado limelala, usijilazimishe. Weka uji kwenye chupa ya chai ukiwa wa moto kabisa, mayai na viazi kwenye hotipoti, nenda navyo. Wimbi la kwanza la wateja likipungua saa mbili, unakula kwa dakika kumi. Mwambie mteja, "Karibu, nipe dakika nijisogeze." Hakuna mteja aliyewahi kunikimbia kwa sababu nakula.

Na nyie mnaotoka saa tisa usiku kwenda kufungasha mzigo sokoni, msiende na tumbo tupu. Ndizi mbili na kiganja cha karanga vinatosha hadi mrudi. Mtu mwenye njaa anapatana bei vibaya, anataka tu amalize aondoke.

SHERIA YA DAFTARI

Hili ni muhimu, usilipite. Ukianza kula nyumbani utajikuta unachukua vitu dukani kwako: mayai, unga, mkate, karanga. Hapo ndipo faida yote inaweza kupotelea. Mimi nina ukurasa mmoja kwenye daftari umeandikwa "NYUMBANI". Kila ninachochukua nakiandika kwa bei ya kununulia. Yai ni 9,500 gawanya kwa 30, inakuja kama 317, naandika 320. Mwisho wa wiki najumlisha, natoa hela kwenye posho yangu, narudisha kwenye droo ya duka. Usipofanya hivyo, utaona trei imeisha na hujui ilikwenda wapi, halafu utamsingizia kijana wako wa dukani.

MAMBO YA KUANGALIA

Karanga na mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au yenye ladha chungu, usile na usiuze. Yana sumu kuvu, inaharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Karanga zako dukani ziweke pakavu, juu ya mbao, siyo kwenye sakafu.

Kama una kisukari au presha, au unatumia dawa, fuata ulichoambiwa kliniki kabla ya kufuata ukurasa huu. Mama kwa mfano uji anakunywa kidogo na bila sukari, maana uji hata usiotiwa sukari bado ni wanga na unaingia kwenye damu haraka. Yeye namba 2 na 3 ndizo zinamfaa zaidi, kwa kipimo alichopewa. Na ukijiona una kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara na kupungua bila sababu, nenda kapime. Funga duka saa moja uende. Mama alichelewa kupima kwa sababu alikuwa anasema "nikifunga nitakosa mauzo". Mauzo tuliyoyakosa baadaye alipolazwa ni mengi kuliko hayo.

NINACHOTAKA UFANYE

Wiki hii usibadilishe kila kitu. Chagua vyakula viwili kati ya hivi vitano, fanya siku sita. Andika kwenye daftari kila siku umetumia shilingi ngapi kwenye chakula cha asubuhi, na saa ngapi njaa imerudi. Jumamosi jioni linganisha na wiki iliyopita. Namba zenyewe zitakuambia.

Friji likiharibika dukani unamwita fundi siku hiyo hiyo. Mzani ukidanganya unaupeleka kurekebishwa. Lakini wewe, ambaye bila wewe duka halifunguliwi, unajipa soda na andazi unasema "nitakula baadaye". Duka langu lilishabadilisha mwenyewe mara moja kwa sababu ya afya. Sitaki libadilishe tena mapema.

Haya, kesho asubuhi unakula nini? Tuambie hapa chini na bei za mtaani kwako, ili na wengine wajifunze. Biashara njema.